Magoti ya Kabula Asubuhi

Apolinaria alikwenda hospitali mjini Tabora kutafuta karatasi, si dawa. Alitaka daktari aandike, na mhuri agonge, kwamba mkwewe Kabula ni mzima wa afya, ili Jumapili baada ya misa aiweke karatasi hiyo mbele ya wazee wa pande zote mbili na kusema: tazameni wenyewe, huyu ananidharau tu.

Kisa kilianza mwaka mmoja nyuma, nyumbani kwao Kwihara. Kwa desturi yao, mke wa mwana hutoka ndani asubuhi na mapema, hupiga magoti mbele ya mama wa mumewe na kumwamkia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Kabula, aliyeolewa na Benjamini, mwana wa Apolinaria, miaka mitatu iliyopita, hakuwa akikosa. Kisha akaanza kuamkia amesimama, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Apolinaria angevumilia, lau lisingekuwapo jambo moja: ikifika saa tano, akija mgeni yeyote, hata muuza dagaa, Kabula alipiga magoti vizuri kabisa.

"Magoti ya mkweo yana saa zake," jirani yao Zamda alimtania kisimani. "Hayafunguki mpaka jua liwe kali."

Wanawake wakacheka, na kicheko kile kikamkwama Apolinaria kama mwiba wa samaki kooni. Tangu siku hiyo akawa anamngoja Kabula mlangoni kila asubuhi, naye haondoki mpaka apigiwe magoti. Kabula alishuka polepole akiegemea ukuta, machozi yakimlenga, na mama mkwe aliyaona machozi yale kuwa ni ya kiburi kilichobanwa. Kabula alisema kwamba viungo vinamuuma. Akajibiwa kwamba baridi yabisi ni ugonjwa wa wazee, na mwanamke wa miaka ishirini na sita hana uzee wa kuugua. Mwishowe Apolinaria akampigia simu Limbu, kaka yake Kabula aliyeko Urambo, aje amchukue dada yake. Benjamini akaomba mkewe apimwe kwanza. Mama akasema vema, atampeleka yeye mwenyewe.

Daktari Najiat alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Alimpa Apolinaria shikamoo yake, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, ndipo akamgeukia Kabula na kumuuliza viungo hukaza kwa muda gani anapoamka. Kabula akasema ni mpaka saa nne, wakati mwingine saa tano. Vidole hukataa hata kufunga khanga. Daktari akavibana kidogo vifundo vya vidole vyake. Kabula akauma mdomo asipige kelele. Goti lililovimba likavutwa maji kwa sindano, damu ikachukuliwa, mikono ikapigwa picha.

Alasiri wakaitwa tena. Daktari aliiweka picha kwenye mwanga, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Pembeni mwa mifupa ya vidole kulikuwa na vitobo vidogo, kama hindi lililoingiliwa na fukusi.

Apolinaria aliiinamia picha. "Nani amemfanyia hivi?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mwili wake mwenyewe."

Akaeleza taratibu. Mwili una askari wake wanaopigana na vijidudu, na mojawapo ya silaha zao ni gesi iitwayo naitriki oksaidi. Ikiwa kidogo, hufaa. Hulegeza mishipa damu ipite vizuri. Lakini katika baridi yabisi ya namna hii askari hukosea, hukiona kiungo kuwa adui, na utando wa ndani ya kiungo hutengeneza gesi hiyo kupita kiasi. Haifanyi kazi peke yake, iko pamoja na kemikali nyingine. Kwa pamoja huua chembe za gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, kisha mfupa nao huanza kulika. Watafiti wakiyapima maji ya goti kama hili, hukuta mabaki ya gesi hiyo kwa wingi. Usiku uvimbe hupanda, na kiungo kimelala hakisogei. Ndiyo maana asubuhi hukaza, na mchana, mtu akishazunguka, hulegea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Apolinaria aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kinaweza kukaa ndani zaidi ya nguo, ndani ya goti lenyewe.

"Nimempigisha magoti kila asubuhi, mwaka mzima. Ni mimi niliyemharibu?"

"Magoti hayakuleta ugonjwa," daktari alisema. "Dawa ipo, na itauzuia usiendelee. Ila mfupa uliokwisha kulika haurudi. Miezi ya mwanzo ndiyo tunayoitaka sana. Mngekuja mwaka jana, mama..."

Kabula akamshika Apolinaria mkono kwa vidole vyake vilivyovimba, na mguso ule ulimtisha kuliko ile picha.

Jumapili wazee walikaa, na Limbu alikuwa amefika. Apolinaria aliitoa karatasi ya daktari, akawaambia kwamba aliifuata imhukumu mkwewe, ikamhukumu yeye. Aliomba radhi mbele ya wote. Hakuna aliyemlaumu, akadhani amesamehewa.

"Mimi nilikwambia, mama," Kabula alisema hatimaye, bila hasira. "Hukuniamini. Umeiamini karatasi." Akaongeza kwamba atakwenda Urambo na kaka yake mpaka dawa zimkubali. Kama atarudi, hajui bado.

Benjamini aliinamisha kichwa. Apolinaria alikuwa ameyafikiria mengi, lakini hili hakulifikiria. Hakumzuia. Alimvuta Limbu pembeni, akampa pakiti ya vidonge, akamweleza kwamba humezwa mara moja kwa wiki, kila Jumatano, wala si kila siku, kwani vikimezwa kila siku vinaweza kuua. Akamtaka arudie. Limbu akarudia. Akamtaka arudie tena.

Kisha akamwendea Kabula, ambaye tayari alikuwa amekaa ndani ya bajaji. "Siku ya kliniki nitakuwepo pale hospitali," alisema. "Ukinitaka."

Kabula akamgeukia.

"Uwahi, mama," alisema. "Foleni ya pale ni ndefu."