Nyota Aliyoiacha Riziki

Kama unatafuta hadithi ya kukuchangamsha, nenda kwa mwingine. Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, akili zangu timamu, na nyumba yenyewe bado iko mtaa wa Musinzira, hapa Gitega. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimeonja tone la pombe. Wenye kucheka wacheke, nimeshazoea.

Miaka ile ya vita tulikuwa tukitengeneza mapambo ya Noeli nyumbani, mama, mimi na dada yangu Riziki. Tulitoka Uvira tukiwa wadogo, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Unachana maganda makavu ya mgomba, unayaloweka kwenye beseni mpaka yalainike, kisha unasuka nyota. Usipoloweka, ganda linakuvunjikia mkononi. Mama alitufundisha sote, lakini Riziki alikuwa na kichwa chake. Ncha ya mwisho ya kila nyota aliigeuza, upande mweupe wa ganda ukae nje. Mama aligomba weee, mwisho akachoka. Gitega nzima hapakuwa na mwingine aliyesuka hivyo.

Desemba moja Riziki akaenda Muyinga kununua nyuzi za rangi na karatasi za kung'aa zilizokuwa zikiingia kutoka Tanzania. Asubuhi ile aliacha nyota moja ina ncha nne tu kati ya tano.

"Mutu asiiguse," alisema. "Ntaimaliza nikirudia."

Gari lao lilisimamishwa njiani na watu wenye bunduki. Waliookoka hawakumwona akifa, wala hawakumwona akikimbia. Hatukupata maiti, hatukupata kaburi. Mama akaitundika nyota ukutani na kukataza isiguswe. Kwake yeye, maadamu haijakwisha, mwenye kuimaliza yuko hai. Nilikubali, maana ningemwambia nini?

Miaka miwili ikapita. Siku hiyo mama alikuwa amepeleka mapambo kanisani, nami nasuka peke yangu, mvua inapiga bati. Mwanamke akasimama mlangoni, mrefu, uso ambao sijawahi kuuona.

"Mwiriwe, dada. Mi niko natoka Muyinga. Naweza jificha mvua apa?"

"Ingia, mama. Ikala."

Nikampa kigoda na chai. Chai hakuigusa. Ndipo nikaona kitenge chake ni kikavu, kikavu kabisa, na nje maji yanamwagika. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Wewe ungekimbilia wapi, beseni mapajani na mgeni amekaa kati yako na mlango?

Akainuka, akaitoa ile nyota ukutani.

"Mama, iyo acha! Iko ya dada yangu."

Alishika ganda lililokuwa likining'inia, kavu la miaka miwili, na bila kuliloweka akalikunja. Niamini, halikuvunjika. Lilipinda kama kitambaa. Alisuka polepole mpaka akafika kwenye ncha, akaigeuza, upande mweupe nje.

Machozi yalinitoka kabla sijaelewa ninalia nini. Uso haukuwa wa dada yangu, lakini mikono ilikuwa yake. Nikamwita, "Riziki?" Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Imekwisha," akasema. Akaitundika mahali pake, akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani. Hapakuwa na mtu, na kwenye tope la mlangoni nyayo zilikuwa zangu tu.

Papo hapo nilijua dada amekufa. Iliniuma sana, lakini angalau nilijua. Nilikaa nikitafuta namna ya kumwambia mama.

Mama akaingia, akatazama ukuta, akaangusha kikapu. "Riziki amerudia!" Akapiga vigelegele, mama yangu ambaye miaka miwili hakuwa amecheka. Akaingia chumbani, akatoka, akazunguka uani. "Iko wapi? Umemuficha wapi?" Nilimweleza yote, kitenge kikavu, uso wa kigeni, ganda lisilolowekwa. Hakusikia ila neno moja, Muyinga.

Vita vikaisha, yeye hakuacha kutafuta. Kila Noeli ikikaribia alikwenda Muyinga, akapita sokoni meza kwa meza na nyota mkononi, akiuliza wamemwona wapi aliyeisuka. Wengine walimpa pole. Wengine walidhani anaiuza, wakamuuliza bei. Akirudi nyumbani haongei na mimi. Alifariki akiamini kwamba mwanawe alirudi kweli, na kwamba mimi, kwa wivu, ndiye niliyemfukuza.

Basi wewe mwenye mtu aliyepotea, nisikilize. Mgeni akija akakumalizia kazi ambayo mtu wako aliiacha, usimshukuru, na usiitunze eti ni kumbukumbu. Akishatoka tu, ifumue yote, uitie motoni, ulie peke yako, unawe uso. Na ufanye haraka, kabla mama hajafika.