Paa Moja na Mkwe

Niliuza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Shule niliachia darasa la tatu, na kusoma nikajimalizia mwenyewe kwenye lebo za mashati. Nyumba yangu ya matofali, nje kidogo ya Ahero, niliijenga mume wangu akiwa ameshazikwa, na watoto watatu nikawasomesha. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani niliingia ile hoteli ya matajiri nikitetemeka. Sikutetemeka. Kilichonisumbua kule kilikuwa kitu kingine.

Binti yangu wa kwanza ni muuguzi Nairobi. Ana mtoto mmoja, msichana wa miaka minne, na mtoto huyo ana kifua kibaya. Kwangu mvua ikinyesha, maji ya uwanda wa Kano yanakuja mpaka mlangoni na kuta hazikauki, kwa hiyo wakija wananisalimu mchana, jioni wanarudi kulala Kisumu mjini. Nami nikienda Nairobi silali kwao. Kwetu Wajaluo, mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hata mtoto alipozaliwa nililala kwa jirani yao, mama wa kanisani, asubuhi navuka barabara kwenda kumwogesha, nikifika ameshaamka. Miaka minne, na sikuwa nimewahi kumwona mjukuu wangu akifungua macho.

Ndiyo binti yangu akafikiria hoteli.

"Mama, hoteli si nyumba ya mtu," aliniambia kwa simu. "Ulipokuwa ukienda Mombasa kufuata marobota, si ulilala hotelini na wanaume usiowajua, ukuta kwa ukuta?"

"Hao hawakuwa wakwe zangu."

"Na hii si nyumba ya mkwe wako. Siku mbili tu. Mtoto atalala na wewe, chumba chako."

Hapo kwa mtoto akanimaliza. Nikakubali.

Huyo mkwe mwenyewe si mgeni kwangu. Ni Mkikuyu aliyezaliwa Kisumu, baba yake aliuza viatu Kibuye akitazamana na meza yangu. Nimempangusa kamasi huyo. Mvua ikipiga nilimlaza juu ya masweta, akawa ananiita Mama kabla hajajua neno hilo litakuja kumfunga vipi. Siku alipoleta watu wao kuposa, nikaacha kumtazama usoni, nikaacha kusema naye. Si chuki. Ndiyo heshima yetu: yeye akipita huku mimi napita kule, na tukiwa na neno, linapitia kwa binti yangu.

Hoteli yenyewe iko ukingoni mwa ziwa, unapita Ahero kisha unaacha lami, unakwenda na mashamba mpaka uone miti mikubwa. Mimi na binti na mtoto tulikuja kwa teksi, mkwe akatufuata na gari lake. Nilitarajia ghorofa. Nikakuta nyumba. Mzungu mmoja mwenye mashamba ya miwa Muhoroni alijijengea pale enzi za ukoloni, na waliofuata hawakugusa kitu, tena wanajivunia hivyo. Mlango wa mbele ni mmoja. Kuna sebule yenye mahali pa kuotea moto. Ngazi ni ya mbao, na juu kuna vyumba sita vinavyotazamana, sakafu inalia kila ukikanyaga.

Mwanamke wa mapokezi alitupandisha akitabasamu. "Mama, chumba chako ni hiki. Wazazi wa mtoto ni hiki hapa jirani. Ukuta ni wa mbao, mkiitana mnasikizana."

Alidhani ananifurahisha. Nikaketi kwenye kiti cha pale nje ya vyumba, mkoba mapajani.

"Mama, si uingie uone kitanda?" binti yangu akasema.

"Hii ni nyumba."

"Ni hoteli."

"Hoteli watu wanaingia wanatoka kama stendi. Hii ina sebule. Hata picha ya mwenyewe iko ukutani, yeye na mbwa wake."

"Mama, huyo mzungu alikufa zamani!"

"Paa lake halijafa."

Akalia. Mtu ambaye hospitalini watu wanamfia mikononi na halii, alilia kwa hasira. Akaniambia mila nazichagua kama nguo, hii inanikaa, hii hainikai. Akasema nilipojenga bila mwanamume wazee walinikataza, na siku hiyo mila sikuiona. Alisema kweli. Wazee walinisema, nikapandisha ukuta. Lakini lile kosa lilikuwa langu, lingenipata mimi. Hili, kwa tunavyoamini, linamwangukia mtoto, na mtoto tuliye naye ni huyu wa kifua. Akikohoa mara moja tu usiku, ningejisamehe vipi? Kama ni ujinga, basi ni ujinga wangu, nimeutunza mwenyewe.

Nikasimama niende zangu nyumbani. Mtoto akashika sketi yangu. "Dani," akasema, ndivyo wajukuu wanavyotuita nyanya zao, "si ulisema tunalala?"

Jibu lilitoka chini. Mkwe alikuwa amesimama mguuni pa ngazi muda wote huo, hajakanyaga hata ubao wa kwanza.

"Mwambie Mama asishuke," akamwambia mkewe, uso ameuelekeza mlangoni. "Mimi nilijua nilipoiona tu sebule. Nakwenda kulala Ahero."

"Ahero wapi? Juu ya ile baa ya madereva wa malori?"

"Si kuna kitanda?"

"Mbu watakumaliza!"

"Nimekulia Kisumu. Mbu wananijua."

Tukasikia mlango wa gari ukifungwa.

Basi nikalala. Na sasa niseme mjukuu wangu anavyoamka, kwa sababu hilo ndilo nililolifuata. Hafungui macho yote mawili. Anafungua moja, anakukagua, analifunga tena, halafu ndiyo anatabasamu. Akaniwekea kiganja shavuni.

"Dani, hujaenda?"

"Sijaenda."

Akarudi usingizini kidogo, na mimi nikasikiliza kifua chake. Kilikuwa kinapumua bila ile filimbi. Wanasema kutoka dirisha lile ziwa linapendeza sana asubuhi. Sikuliangalia.

Tulipokuwa tukinywa chai barazani, mkwe akafika. Hakupanda barazani. Alijibebea meza ndogo mpaka katikati ya nyasi, akaketi ametupa mgongo nusu. Mhudumu akawa anatuangalia mara sisi mara yeye, hajui kama tumegombana. Nami nikafanya nisichokuwa nimefanya tangu siku ya posa: nikamtazama. Shingo nzima vipele. Jicho la kushoto limevimba limefumba.

"Muulize mumeo alilalaje," nikamwambia binti yangu, sauti ya kufika kwenye nyasi.

"Anasema vizuri."

"Muulize mbona anakunywa chai na jicho moja."

Nikaona mabega ya mkwe yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Nikamwita yule mwanamke wa mapokezi, nikamwambia nataka neti ya mbu.

"Lakini Mama, kitanda chako kina neti."

"Hiyo hiyo. Ifungue uniletee."

"Na wewe je?"

"Madirisha yenu yana wavu. Huko Ahero hayana."

Akaileta imekunjwa. Nikampa mtoto ampelekee baba yake. Binti yangu akanikodolea macho.

"Mwambie leo atarudi kulala Ahero vilevile," nikasema. "Sijabadilisha kitu. Lakini atarudi na hiyo."

Binti yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mtoto alikuwa anaivuta neti kwenye umande, nusu imefunguka nyuma yake. Mkwe akainuka, akaipokea kwa mikono miwili, akabaki ametazama ziwani.

"Asante, Mama."

Binti yangu akafungua mdomo anifikishie, kama kawaida. Nikamtangulia.

"Uichomeke chini ya godoro pande zote," nikamwambia mwenyewe. "Usiining'inize tu kama pazia."