Matawi ya Kisawasawa

Juzi nilikuwa Mlabani, ofisi ya wasaidizi wa kisheria, nasubiri zamu yangu. Mbele yangu alikaa mama wa kijiji cha Kisawasawa. Mumewe aligongwa na lori akiwa kwenye baiskeli, na bado amelazwa.

"Mama, dereva ameandikisha polisi kwamba baba alikuwa katikati ya barabara," alisema binti msaidizi aliyekuwa mezani. "Baiskeli ilikutwa wapi?"

"Watu waliiondoa kabla trafiki hajafika."

Binti akaweka kalamu chini. Mama hakutikisika.

"Lakini nilikata matawi mwenyewe, nikayapanga pale pale alipoangukia, asije akakanyagwa na magari mengine. Ni pembeni, nje ya mstari mweupe. Hata trafiki aliyakuta, akayaruka."

Binti akanyakua simu yake. "Twende tukapige picha sasa hivi, kabla hayajaondolewa!"

Mama akajifunga khanga upya, taratibu. "Usiwe na haraka, mwanangu. Hapa kwetu nani huondoa matawi?"

Mara ngapi nimewafokea kwenye safu hii madereva wanaotengeneza gari lililoharibika, kisha wanaondoka na kuacha matawi barabarani? Ya Kisawasawa, tafadhali, asiyaguse mtu.