Visiwa vya Mbalamwezi Vilivyofika Mwakiro

Nakumbuka vizuri asubuhi ile mtaani Nyamugari, pale mjini Gitega, Burundi. Nilikuwa kwenye kibanda cha cherehani, pasi ya mkaa mkononi, nanyoosha magauni ya watu huku mdomo wangu haupumziki. Nilikuwa nawasimulia mafundi habari za Visiwa vya Mbalamwezi. Mwanangu, usihangaike kuvitafuta kwenye ramani. Nilivitunga mwenyewe.

Nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, tulikokimbilia vita, na bahari sikuwahi kuiona. Kijito tulichokuwa nacho kilikauka kila kiangazi. Labda ndiyo maana mimi na wenzangu tulijitungia maji mengi namna ile. Tulichora visiwa vumbini kwa vijiti: kisiwa cha wasuka kamba, kisiwa cha wachemsha chumvi, kisiwa cha wafua nanga, na kile nilichokipenda mimi, kisiwa kidogo cha wanawake wanaosoma nyota na kuongoza merikebu. Kila kisiwa kilikuwa nchi, na mtawala wake, na bendera yake, na maringo yake. Lakini zamani vyote vilikuwa chini ya Dola ya Marijani. Dola hiyo ndiyo iliyojenga gati za mawe na minara ya moto kwenye kila rasi, ikawafundisha watu wote lugha moja, ikawatoza wote ushuru. Kisha ikaanguka. Sehemu hiyo ya kuanguka tuliipenda mno. Tuliirudia mpaka mama zetu walipotuita twende kuchota maji. Watu wa visiwa walikimbilia merikebuni wakatawanyika. Miaka ikapita, amani ikaja, nao wakageuza merikebu kurudi kwao.

Hadithi ilikuwa imefika hapo wakati sisi wenyewe tuliporudi Burundi.

Tulirudi Mwakiro, mlimani kwetu, mimi na baba. Mama alikuwa amefariki kambini. Nyumba ambayo baba alinisifia utoto wangu wote, yenye milango miwili ya mbao nzito aliyoichonga mwenyewe, hatukuikuta. Palikuwa na maharage tu, yamestawi vizuri. Mdogo wake, Baba mdogo Serafini, ambaye hakuwa amekimbia, alikuja mbio akitupungia mikono. Baba hakumwamkia. Alimwuliza, "Milango yangu iko wapi?"

Nilimwona Baba mdogo akishusha mikono, akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo ndugu wawili wa tumbo moja walipishana njiani kama watu wasiojuana, na baba akawa anasema kila jioni kwamba ataipeleka kesi Muyinga mjini.

Mimi nilitumwa Gitega nikajifunze kushona kwa Mama Hadija, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa rafiki wa mama yangu walipokuwa wasichana. Nyumba yake ilikuwa ya Waislamu, mimi ni Mkristo, na hakuna siku niliyolala njaa wala kukosa nafasi ya kusali. Mafundi wake walinicheka Kiswahili changu. "We unaongea kama redio," walisema. Lakini nilipoanza visiwa vyangu, walinyamaza. Wateja waliokuja kuchukua suruali walikaa kusikiliza, wakasahau suruali.

Basi asubuhi ile nilikuwa nasimulia waliorudi walivyozikuta nyumba zao zimebomolewa. Nilikuwa nawachora waliobaki visiwani kuwa wezi wote, tangu mzee mpaka mtoto, na nilikuwa nawapangia adhabu tamu sana, kwa sababu nilipokuwa nasema "wezi" nilikuwa namwona Baba mdogo. Mama Hadija alikuwa anapima kitambaa. Akaweka mkasi chini.

"We Spesiyoza, iko kitu moja mi sielewi."

"Kitu gani, mama?"

"Merikebu yenu inarudi, bon, sawa. Hapo kwenye rasi iko miamba. Hii miaka yote nani alikuwa anawasha moto kwa ule mnara? Ile dola si imekufa?"

Nikarudi kwenye pasi yangu. Mafundi wakacheka.

Yeye hakucheka. "We umepa kila mutu kinywa kwa hii hadithi," akasema. "Hata wale wafua nanga. Wale wenye walibaki, hakuna hata mumoja anaongea. Unajuaje walipitia nini? We ulikuwepo?"

Swali lile liliniuma moyoni kuliko kiboko. Nilichoma kola ya shati la mtu siku ile, na Mama Hadija alinisamehe kwa sababu alijua kosa limetokana na nini.

Haikupita muda, binti wa Baba mdogo, Odeta, akaposwa. Alikuwa rafiki yangu licha ya ugomvi wa wakubwa. Mama Hadija alishona nguo za bibi harusi kwa mikono yake, akasema lazima azipeleke mwenyewe, tukapanda gari mpaka Muyinga, na kutoka pale tukapata mtu wa kutufikisha Mwakiro. Baba alikuja kwenye sherehe kwa kuwa kutokuja kungekuwa aibu, ila alikaa upande wake, kaka na mdogo wametenganishwa na ua mzima wa watu na mitungi ya pombe ya ndizi.

Mchana, baada ya chakula, Odeta alisimama na nguo zake zinazong'aa. "Dada yangu wa Tanzania atatupa hadithi," akasema. Nikasimulia kwa Kirundi changu cha kambini, na watoto wakasogea mbele.

Niliwapeleka kwenye merikebu. Ukungu umefunika bahari mchana kweupe, miamba haionekani, watu wanalia kwamba wamekuja kufia mlangoni kwao. Ghafla mwanamke wa usukani anaona wekundu wa moto. Mnara wa zamani unawaka! Wanashika njia ya moto, wanafika gatini salama. Pale wanamkuta mtu mmoja, amekonda, mikono imeungua. Badala ya kumshukuru, nahodha anamwuliza, "Mlango wa nyumba yangu uko wapi?" Na yule mtu anasema, "Niliuchoma. Kuni zilikwisha. Moto uliouona ndio mlango wako."

Nikasikia mtungi umeanguka. Baba mdogo Serafini alikuwa amesimama.

"Nani amemwambia mtoto huyu?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia, Baba mdogo. Ni hadithi tu."

Alimtazama baba. Mara ya kwanza tangu turudi. "Mama yetu alipokufa wakati wa vita," akasema, "hapakuwa na mtu wa kuuza mbao hata moja. Watu walikuwa wamejificha. Sikutaka mama yetu alale kwenye udongo mtupu. Milango yako nilimtengenezea jeneza. Boriti zako nilimwashia moto alipokuwa mgonjwa. Ningekuambia siku ile ile, kaka. Lakini hukuniamkia."

Baba alivuka ua. Sijui alivyovuka, watu walimpisha, au aliwapita katikati, sikumbuki. Alimshika mdogo wake mabegani na kumwamkia kwa ile salamu yetu ndefu ya kukumbatiana, akamwuliza habari za afya, za watoto, za mashamba, swali moja baada ya jingine, yote aliyopaswa kuyauliza siku tuliyorudi. Baba mdogo alijibu yote, huku analia na kucheka. Kisha wakatoka pamoja kwenda kwenye kaburi la nyanya, na waliporudi baba alikuwa amemshika mwenzake mkono kama mtoto.

Ngoma gani ilipigwa siku ile! Mama Hadija, mwanamke mzito wa mjini, alicheza mpaka kitambaa cha kichwani kikamtoka. Watoto waliorudi na watoto waliobaki, ambao kisimani hawakuwa wakichangamana, walianza kugombea nani awe mfua nanga na nani ashike usukani. Kesi ya Muyinga haikutajwa tena. Kabla ya mvua, ndugu wale wawili walijenga nyumba yetu pembeni ya yale maharage, na wazee wa mlima waliokuwa waitwe kuhukumu waliitwa kunywa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukirudi mahali ulipopaacha, salimia kwanza. Uliza mtu ameishije kabla ya kuuliza vitu vyako. Wewe uliyekwenda umeteseka, sikatai. Na aliyebaki naye ana yake, na huenda ameyaficha kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Na kama Mungu amekupa kipaji cha kusimulia, mpe nafasi ya kusema hata yule unayemkasirikia. Mpe maneno mazuri, siyo ya kijinga. Utashangaa atakayokuambia.

Mungu akupe ndugu wengi na subira ya kuwasikiliza. Akupe mavuno, akupe kicheko nyumbani mwako, na miaka ya amani mingi kuliko tuliyopata sisi. Nenda, mwanangu. Nimekubariki.