Kitambaa cha Profesa

Siku hizi ukipeleka laptopu pale kwa Profesa, utamwona akiipangusa kwa kitambaa cha manjano, halafu badala ya kukukabidhi wewe mwenye mali, anamrudishia yule mama wa meza ya dirishani aiwashe tena na kuikagua. Ukiuliza kwa nini kazi inazungushwa hivyo, Profesa anainamisha kichwa na kukusimulia. Hapendi kusimulia, asikudanganye mtu. Ila alipewa sharti, akalikubali.

Jina lenyewe la Profesa si la chuoni, maana chuo hajakanyaga. Wateja ndio waliombandika, kwa ajili ya miwani yake na kwa tabia yake, kwamba ukimuuliza neno moja anakupa somo zima. Kazi aliianzia kwa mjomba wake, fundi wa redio, na mjomba huyo alimwachia amri moja: mali ya mtu hairudi kwa mwenyewe na vumbi. Basi miaka ishirini na miwili, kutoka redio hadi televisheni hadi kompyuta, Profesa hajatoa mashine dukani bila kuipangusa kwa mkono wake, juu, chini na kingo zote nne, mteja akitazama. Akimaliza anaipiga kikofi mgongoni, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Watu waliupenda mchezo ule, naye alijua wanaupenda.

Duka ni chumba kimoja, meza mbili na benchi la wateja. Meza ya mlangoni ni yake. Ya dirishani ni ya Mama Mapacha, mwanamke anayelea binti zake wawili peke yake, aliyekuja mwaka jana baada ya kiwanda alichokuwa akichomea saketi kufungwa milango. Mkono wake mwepesi, maneno yake machache. Kibarua kile ndicho kinachowapa watu watatu chakula, na Profesa alilijua hilo vizuri, maana aliambiwa siku ya kwanza.

Jumatatu moja akaja mkunga, mwanamke wa makamo, na laptopu yake ya miaka mingi. Kitufe cha herufi A kilikuwa kinanata. Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video, hospitali yenyewe iko mbali, na hakutaka kuandika maombi yaliyojaa mapengo. Mama Mapacha akabadilisha kitufe, akafungua mtandao kujaribu, kila kitu sawa, akampa Profesa. Profesa akapangusa, akapiga kikofi chake, na mkunga akaondoka amefurahi.

Jumatano asubuhi, huyo amerudi. Herufi A inaandika vizuri, ila mtandao hakuna. Nyumbani hakuna, kwa jirani hakuna, kazini hakuna, na simu yake inashika pale pale.

"Keti hapo, dada," Profesa akamwambia. "Dakika kumi tu."

Hizo dakika kumi, wacha. Mama Mapacha siku hiyo alikuwa ametumwa kutengeneza printa kwenye ofisi ya mawakili, kwa hiyo Profesa alikuwa peke yake na somo lake. Akazima mashine, akaiwasha. Akaingia kwenye mipangilio, ikamwambia haioni waifai yoyote. Akafuta dreva, yaani ile programu inayoiwezesha mashine kutumia kadi yake ya waifai, akaiweka upya. Wapi. Akatafuta dreva ya zamani zaidi. Wapi. Akazima ruta ya duka, ruta ambayo watu wa benchini walikuwa wanaitumia bila shida yoyote, wakamnung'unikia. Akaifungua mashine tumbo, akachomoa kadi, akaweka nyingine kutoka kwenye droo, akafuata kwa kidole zile nyaya mbili nyembamba za antena mwanzo hadi mwisho. Nyaya zilikuwa nzima. Ilipofika saa nane mchana alikuwa ameshanakili nyaraka za mkunga pembeni na kufomati mashine nzima, ikaamka mpya kabisa, na mtandao bado haushiki.

Ndivyo alivyo Profesa. Ukimpelekea jambo, anaanza na lile gumu, kwa sababu jepesi linamvunjia heshima.

"Leo umepewa mtihani, Profesa," akasema mzee mmoja aliyekuwa akisubiri printa yake. Benchi likacheka. Mkunga hakucheka, alikuwa anatazama saa. Kile kicheko kilimchoma Profesa hasa.

Mama Mapacha akaingia wakati huo huo. Akaweka mkoba chini, akaitazama mashine mezani, akainama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Profesa, naomba tuongee pembeni kidogo."

Profesa akaona pa kutokea. Akajisemea, huyu anataka kukiri.

"Pembeni kuna nini?" akasema, na sauti akaipandisha. "Jumatatu uliifungua wewe. Umebana waya, umeua antena, sasa unataka tunong'one? Sema hapa hapa, mteja asikie."

"Niliijaribu kabla sijakupa. Ilishika."

"Kwa hiyo aliyeiharibu ni mimi."

Mama Mapacha akalitazama benchi, akamtazama mkunga, akamtazama yeye. 

"Mkono mzito namna hii haufai kwa kazi hii," Profesa akasema. "Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

Mama Mapacha akakusanya bisibisi zake tano, zile alizokuja nazo kutoka kiwandani, akazifunga kwa mpira, akawaaga wateja na kutoka. Profesa akamwambia mkunga arudi kesho, mashine isipopona atamwazima ya kwake kwa ajili ya usaili. Akajisikia ametenda haki kabisa.

Alhamisi asubuhi alikuwa ameshakata tamaa. Akaamua kuirudisha ilivyo, na kwa mazoea tu akachukua kitambaa. Juu, chini, kingo. Alipokipitisha ukingo wa mbele, kutoka kulia kwenda kushoto, kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kikageuka buluu.

Akasimama. Akakirudisha kitambaa kulia, chungwa. Kushoto, buluu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama. Pale ukingoni palikuwa na swichi, haizidi punje ya mchele, ya kuzima na kuwasha waifai. Laptopu za zamani nyingi zinazo, na Profesa alizijua. Aliwahi hata kumcheka karani mmoja kwa kitu hicho hicho, mbele ya watu. Kumbe Jumatatu, wakati anajionyesha na kitambaa chake, ndipo alipoizima mwenyewe.

Aliona haya. Hapakuwa na mtu chumbani, lakini masikio yalimwaka moto. Akaitazama meza ya dirishani, akashindwa kuendelea kuitazama.

Na bado palikuwa na nafasi ya kujiokoa. Saa tatu mkunga akaja, mzee wa printa naye yuko benchini. Mashine ikawashwa, mtandao ukashika. Mkunga akamshika Profesa mkono kwa mikono yote miwili.

"Wewe kiboko. Kwani yule mama alikuwa ameharibu nini?"

Profesa akafungua mdomo. Mzee wa printa alikuwa anamtazama.

"Kitu kidogo tu," akasema.

Kitu kidogo tu, mtu mzima na miwani yake. Mkunga akaibeba laptopu yake akashukuru tena, na akiwa mlangoni akasema atawatahadharisha wenzake wodini kuhusu yule mama. Profesa akamwacha aende.

Hakuweza kufanya kazi. Kila alichoshika kilimtoka. Saa saba akafunga duka akaenda hadi nyumbani kwa Mama Mapacha. Mapacha walikuwa sakafuni na madaftari ya hesabu, wakamwamkia kwa pamoja, na mmoja akauliza, "Mama, si ndiye yule aliyekufukuza?" Mama yao akawatuma uani, akamsogezea mgeni kiti.

"Kilikuwa kitambaa," Profesa akasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilipoingia tu niliona kitaa ni cha chungwa. Ndiyo maana nikakwambia twende pembeni. Sikutaka uumbuke mbele ya wateja."

Profesa alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, akakuta alikuwa amesitiriwa tangu Jumatano.

"Nisamehe, mama. Rudi kazini."

Mama Mapacha hakupandisha sauti. "Mimi nilikuita pembeni nikufichie aibu, ukakataa. Leo umenifuata pembeni uniombe radhi. Kunifokea ulinifokea wapi?"

Profesa akayatazama madaftari ya mapacha pale sakafuni.

"Nitarudi," Mama Mapacha akasema. "Lakini utayasema pale pale. Na yeyote atakayekuja kuuliza, utamwambia."

Ijumaa mchana, mkunga alipopita kusema usaili umekwenda vizuri, Profesa akamwomba akae. Mzee wa printa alikuwepo, na wengine watatu. Mama Mapacha alikuwa mezani kwake, anachambua skrubu, hainui macho. Profesa akaiomba ile laptopu, akachukua kitambaa, akakipitisha ukingoni. Kulia, chungwa. Kushoto, buluu. Akaeleza yote, na lile la "kitu kidogo tu" pia. Alitegemea watacheka. Afadhali wangecheka.

Mkunga ndiye aliyesimama, akaenda hadi dirishani.

"Dada, nimeshawaambia wodi nzima kwamba wewe ni mharibifu."

"Basi warudie uwaambie tena," Mama Mapacha akasema. "Watakaokusikiliza."

Profesa alikisikia kila kitu. Akakikunja kitambaa mara nne, na hakujua akiweke wapi.