Tabby Wachuka Ataka Kujua Nani Alikuambia

Tabby Wachuka wa Kabazi ana ugonjwa, na dawa yake haipatikani hata kwa duka lake mwenyewe la dawa za mifugo. Ukimwambia babu yako alikuja Bonde la Ufa akiendesha trekta ya mzungu, haitikii kwa adabu kama watu wengine. Anauliza, "Nani alikuambia? Na yeye alijuaje?" Anauliza hata matangani, mdomo umejaa mukimo. Watu wa ukoo wakimwona akivuka barabara wanakumbuka ghafla kwamba wameacha maziwa motoni.

Yote yalianza hapo dukani. Mkulima mmoja alikuja kutafuta mbegu ya fahali wa kupandishia ng'ombe wake, na hakutulia mpaka akajua baba ya fahali na babu ya fahali huko Uholanzi. Tabby akamuuliza babu yake yeye aliitwa nani. Jamaa akakuna kichwa.

"Ngai!" Tabby akasema. "Ndama atazaliwa na ukoo, na wewe mwenyewe huna?"

Ndipo akaanza kuandika kitabu cha ukoo wao, ukoo wa mzee Mathenge. Kila neno aliliwekea chanzo chake, bila kumwonea mtu haya. "Nimeambiwa na tata Kui, dada ya baba yangu. Hudanganya akiwa na njaa, na ana njaa saa zote." Ama: "Baba mdogo Jamleck hutia chumvi. Sijamuuliza kitu." Sheria yake ilikuwa moja: jambo lenye shahidi mmoja linawekwa alama ya kuuliza. Binamu yake mmoja alipata alama ya kuuliza kwa ndoa yake, na mkewe yuko jikoni anasukuma chapati.

Desemba ukoo ukakutana kwa Jamleck kusikiliza kitabu kabla hakijapelekwa Nakuru kuchapishwa.

"Maitu, niletee chai," Jamleck akamwambia Tabby, vile alivyozoea kumwita. Kisha akavaa miwani, akaufikia ukurasa uliomtaja yeye na chumvi yake. Akausoma mara mbili. Alipovua miwani, uso haukuwa na urafiki.

"Sasa mwandishi. Hapa umejiandika mtoto wa Njuguna, ndugu yangu mkubwa. Nani alikuambia?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nyumba nzima iliacha kutafuna.

"Tata Kui," Tabby akajibu.

"Yule wa njaa?"

Tata Kui, mfupa mdomoni, akatikisa kichwa kukubali. Watu walicheka vibaya sana.

"Na shahidi wa pili?"

Hakuwepo. Njuguna na Sue, mama yake Tabby, hawakufunga harusi. Njuguna alikufa Tabby akiwa bado ananyonya, Sue akahama naye Nakuru, na mpaka anaingia kaburini hakutaka kuulizwa habari hiyo.

"Mimi ni Wachuka, kama nyanya, mama yenu. Msichana hupewa jina la mama ya baba yake," Tabby akasema.

"Mama yako angeweza kuchukua jina lolote. Jina peke yake si chanzo. Si wewe umeandika hapa mbele?"

Kweli alikuwa ameandika, tena kwa kalamu nyekundu.

Iliuma. Baba za watu wote alikuwa amewafuata mpaka kwa mababu zao, na wa kwake mwenyewe alikuwa amemruka, kwa sababu aliogopa kuuliza akaambiwa hapana. Alitaka kulia, na alitaka pia kumrushia Jamleck sufuria ya supu. Angeweza kudanganya kidogo tu. Lakini akachukua kalamu, akatafuta jina lake, aliwekee alama ya kuuliza kama ya wengine.

"Haiya! Wacha, maitu!" Jamleck akaruka. "Nilikuwa nakuchokoza tu!"

Kalamu ikasimama. "Umeniita nani?"

"Si maitu. Mama yangu. Tangu lini sikuiti hivyo?"

"Na nani alikuambia uniite hivyo?"

Jamleck akakaa chini polepole.

"Njuguna," akasema. "Msichana akipewa jina la mama yetu, sisi tutamwita nani tena? Asubuhi hiyo nilikuwa nakamua. Akaja na wewe ndani ya blanketi, akakuweka kwa mikono yangu, akasema, 'Shika, mama yetu amerudi.' Nikaangusha ndoo. Maziwa yote yakamwagika, na hata hakunigombeza."

"Baba mdogo! Miaka yote hii hukusema!"

"Uliniuliza lini? Si mimi natia chumvi?"

Tabby akapangusa machozi kwa kitambaa cha kichwa. Halafu, kwa sababu ugonjwa ni ugonjwa, akauliza kama kulikuwa na mvua, ng'ombe aliitwa nani, na blanketi lilikuwa la rangi gani. Jamleck akajibu yote. Blanketi hakulikumbuka, akasema halikumbuki.

Tabby akaandika: "Baba yangu ni Njuguna wa Mathenge. Nimeambiwa na tata Kui, na baba mdogo Jamleck, ambaye alinishika. Hutia chumvi. Hapa hakutia."