Buti Zilizozidi Namba Mbili

Kwa Clémence, kiatu cha mtoto hununuliwa kikubwa. Ndivyo walivyofanya kwao Kabare, karibu na Bukavu, ndivyo walivyofanya kwenye kambi ya wakimbizi, na hapa Reynoldsburg, Amerika, hakuona sababu ya kubadili. Wa kwanza anajaza kitambaa mbele, anavaa mpaka mguu unakijaza kiatu, kisha anamwachia mdogo wake. Akiba haiozi. Hakuna mwanawe aliyewahi kwenda shule pekupeku, na kwa hilo alijivuna waziwazi.

Basi binti yake Aksanti aliposema chuo kinawapeleka Japani, na kwamba huko watapanda milimani kuteleza kwenye theluji kwa ubao, Clémence alitoka ghalani anakofungasha mizigo, akaenda dukani mwenyewe, akarudi na buti zilizozidi namba mbili. Delfina, kitinda mimba, angezirithi. Kwamba Aksanti ana miaka ishirini na mguu wake umeshakoma kukua, hilo halikumpitia akilini. Aksanti alizitazama buti, akasema asante.

Ijumaa jioni Clémence alikuwa anasonga bugali simu ya video ilipolia. Kule Japani ilikuwa tayari Jumamosi asubuhi. Aksanti alikuwa ameketi kwenye benchi la duka, na mbele yake muuzaji mzee amepiga magoti, dole gumba limebonyeza kisigino cha buti, anatikisa kichwa.

“Mama, jana nimeanguka siku muzima. Mguu inaogelea ndani. Nageuza mguu, ubao haigeuki. Mwalimu amesema na hizi buti sitapanda juu leo na benzangu.”

“Vaa soksi mbili.”

“Niko na tatu.”

“Donc, jaza kitambaa mbele! Umesahau?”

“Kitambaa iko, Mama.”

Clémence alipandwa na hasira. Muuza duka ni muuza duka, alijisemea, awe wa Bukavu, awe wa Japani, anachotaka ni kuuza tu. Alikuwa karibu kumwambia binti abaki hotelini na chai yake awangoje wenzake. Ndipo yule mzee akaivuta buti, na kitambaa kikadondoka sakafuni.

Kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani. Clémence alikitambua. Alikitia mwenyewe miaka tisa iliyopita, kwenye viatu vya kwanza vya shule hapa Amerika. Kumbe mtoto amekuwa akikihamisha, kiatu hadi kiatu, mpaka Japani. Roho ilimuuma, akauacha mwiko ndani ya sufuria.

“Uko na feza ya kununua zingine?”

“Niko nayo. Si bei nilikuwa naogopa, Mama. Ni wewe.”

“Bon. Nunua. Ya mguu yako.”

“Na Delfina?”

“Delfina ako na miguu yake.”

Mzee akaleta buti nyingine, akazikaza kamba. Aksanti akasimama, akakunja magoti, akacheka. Kisha akainama akaokota kile kitambaa, akabaki amekishika. Hakuwa na kiatu cha kukitia.